Maji Yangoje: Kufumua Rasta Zilizokaa Miezi Bila Kuzipoteza Nywele

Wiki ya kwanza ya Januari kibaraza changu cha kusukia hapa Kondele, Kisumu, hupata wageni wa aina moja. Wanakuja wamejifunga vilemba na hawataki kusukwa. Shule zinafunguliwa, rasta za Krismasi zimetolewa (nyingine si za Krismasi wala nini, zilisukwa Oktoba), na chini ya kilemba kuna bonge la nywele ambalo chanuo halipenyi. Mama mtu ananiuliza kwa sauti ya chini kama kuna njia nyingine isipokuwa mkasi. Nami nauliza swali langu lile lile: mlifanya nini? Jibu halijawahi kubadilika. "Tulifumua, tukaosha."

Kati ya kufumua na kuosha kuna kazi nzima iliyorukwa, na hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa urefu. Mambo ya shampuu gani na mafuta gani nitayataja pia, lakini sijaona mtu aliyenyolewa kwa sababu ya kuchagua mafuta vibaya.

Mimi nilijifunza kwa wembe. Nilikuwa kidato cha pili, rasta zimekaa miezi minne na siku kadhaa kwa sababu nikizifunga nyuma zilikuwa bado zinapendeza. Nikafumua usiku mmoja na binamu yangu, asubuhi nikainamia karai nikajimwagia jagi la maji. Nilizisikia zikikaza kichwani kama kamba iliyolowa. Kufikia saa nne kichogo changu chote kilikuwa kitu kimoja, mfano wa ile katani ya kusugulia sufuria. Dani, yaani bibi yangu, alijaribu kwa vidole, akajaribu kwa samli, mwishowe akamtuma mtoto dukani.

Kwa nini nywele hushikana

Kichwa cha mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Ni kawaida, kama mti unavyopukutisha majani. Ukiwa hujasuka, zinaishia kwenye mto, kwenye chanuo na kwenye kola ya shati, wala huzioni. Ukiwa umesuka hazina pa kwenda. Zimeng'oka kwenye ngozi lakini rasta bado imezishika. Piga hesabu: rasta za wiki nane zina nywele kati ya 2,800 na 5,600 ambazo tayari zimekufa. Za miezi minne, zidisha mara mbili.

Wakati huohuo nywele mpya zinaota, sentimita moja na kidogo kwa mwezi. Baada ya miezi minne kuna kipande cha sentimita nne au tano kati ya ngozi na pale rasta inapoanzia, na kipande hicho hakijawahi kuonja chanuo. Nywele zilizokufa zinajizungusha humo. Tia jasho la Kisumu, vumbi la boda, jeli uliyopakwa siku ya kusukwa, nyuzi za shuka na mafuta ya ngozi yenyewe, na shinani mwa kila rasta hujifanya pete ya kijivu, ngumu kidogo, ambayo watu huidhania ni mba.

Sasa fikiria sweta ya shule ya sufu iliyofuliwa kwa maji moto ikatoka ndogo, nzito, nyuzi zimeng'ang'aniana. Unywele nao umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama mabati ya paa. Ukilowa unavimba, magamba yanainuka, na ya unywele huu yanashika ya ule. Maji yakikuta nywele zimeshachambuliwa hayana madhara. Yakikuta zile elfu kadhaa zilizokufa zikiwa bado ndani, yanazifunga fundo, na kila ukisugua fundo linakaza.

Basi usiogope bonge la nywele utakalobaki nalo mkononi siku ya kufumua. Chukua unywele mmoja kutoka kwenye bonge, utazame mwangani. Ukiwa mrefu na una kijidonge cheupe upande mmoja, huo ulikuwa umekwisha muda wake. Ukiwa mfupi na hauna kijidonge, umekatika, na ukiona vipande vingi vya namna hiyo ujue mkono wako ni mzito. Punguza kasi.

Chagua siku, kisha andaa vitu

Kufumua rasta ndogo peke yako ni kazi ya saa nne hadi sita, na ukiongeza kuchambua na kuosha, siku imekwisha. Kwa hiyo usianze Jumapili jioni ukiwa na kazi Jumatatu. Mimi huwaambia watu wagawe: jioni ya kwanza kufumua na kuchambua, siku ya pili kuosha. Nywele zilizochambuliwa na kupindwa vizuri zinaweza kulala hivyo chini ya kilemba bila shida yoyote.

Vitu vyenyewe havina anasa. Mkasi, chanuo lenye meno mapana, chanuo la mkia (ule mkia ndio unaotakiwa), vibanio vya kugawia nywele, chupa ya kunyunyizia, mafuta ya maji kama ya nazi au ya zeituni, na kondishona. Kondishona iwe ya bei nafuu na iwe nyingi, kwa sababu kazi yake hapa ni kutelezesha tu; ile ya gharama ihifadhi kwa baada ya kuosha. Tafuta na mtu wa kukusaidia kichogoni. Dada mdogo anayelipwa chipsi anafaa kuliko kioo.

Kukata na kufumua

Ajali ya kwanza hutokea kwenye mkasi. Mtu anakumbuka nywele zake zilikuwa zinafika masikioni, anazikata rasta hapo, akisahau kwamba zimeota miezi minne. Fumua rasta moja nzima kwanza, mbele, na moja kichogoni, maana nywele haziwi na urefu mmoja kichwa kizima. Uone zako zinaishia wapi. Kisha kata upana wa vidole vitatu chini ya hapo. Ukiwa na shaka, usikate kabisa. Fumua zikiwa na urefu wake.

Anzia nyuma ukienda mbele. Ingiza mkia wa chanuo kwenye msuko, legeza, panda fundo kwa fundo kutoka chini kwenda juu. Ukifika karibu na ngozi ndipo utakutana na ile pete ya kijivu, na ndipo watu wanapovuta uzi wa rasta kwa nguvu ili utoke. Usivute. Mwagia tone la mafuta kwenye pete, ifinye kwa kidole gumba na cha shahada, iponde mpaka ivunjike, halafu uzi utateleza wenyewe. Tone moja la mafuta hapo linaokoa nywele nyingi kuliko chupa nzima baadaye.

Kila unapomaliza rasta nne au tano, simama. Ndiyo, kabla ya kufumua zingine. Hiki ndicho kituo ambacho hakuna mtu aliyewahi kunifundisha, nimekipata kwa kuharibu. Ukifumua kichwa kizima kwanza, nywele zote zilizokufa zinachanganyika na jirani zao na tatizo la rasta moja linakuwa la kichwa. Ukichambua kidogo kidogo, kila fungu linabaki na shida zake.

Kuchambua

Hapa ndipo penye kazi.

Chukua fungu la rasta hizo nne au tano. Lipake mafuta kuanzia katikati hadi ncha, kisha kondishona juu yake, hasa shinani penye uchafu. Kondishona ina maji ndani yake, najua, lakini ina utelezi wa kutosha kuyashinda. Ninachokataza ni maji matupu, na hasa shampuu. Acha dakika tano. Vidole vitangulie. Papasa fungu, tafuta kila mahali palipokaza, utenganishe kwa kuvuta pande mbili kama unavyofungua pamba ya mto. Epuka kuvuta kwenda chini, maana kuvuta chini kunakaza, na kutanua kwa pande kunalegeza. Nywele zilizokufa zitaanza kutoka zenyewe zikiwa zimejikunja kama nyuzi za buibui. Ziweke kando.

Vidole vikipita bila kukwama, leta chanuo la meno mapana. Shika fungu kwa mkono mmoja karibu na ngozi ili kichwa kisihisi mvuto, anza kuchana ncha. Ncha zikiwa laini panda kidogo, chana tena. Panda tena. Shina ni la mwisho. Wengi wetu tulichanwa na mama zetu kuanzia juu kushuka, tukilia, tukiambiwa tuna nywele ngumu. Nywele hazikuwa ngumu. Fundo lilikuwa linasukumwa chini kukutana na fundo jingine.

Kuna fundo litakalogoma. Liongezee mafuta, liache, endelea na fungu lingine, ulirudie baada ya nusu saa. Likigoma tena chukua ule mkia wa chanuo, ingiza ncha yake pembeni mwa fundo (kamwe si katikati), utoe unywele mmoja mmoja. Nimewahi kukaa na fundo moja la msichana wa Manyatta kuanzia saa nane hadi azana ya magharibi, na wakati tunamaliza nilikuwa nimeyajua mambo yote ya kwao. Mkasi niliutumia kwa kipande kama ukucha. Wateja wengine walikasirika wakaondoka, siwalaumu.

Fungu likiisha kuchambuliwa, lipinde nyuzi mbili (ligawe mara mbili, uzungushe nusu moja juu ya nyingine) bila kukaza, au lifunge kwa kibanio. Nenda kwa lingine. Ukimaliza utakuwa na mafungu manane hadi kumi na mawili, yote yamepindwa, yote chanuo limepita kutoka ncha hadi ngozini. Sasa maji yanaruhusiwa.

Kuosha

Ziache nywele zimepindwa hivyohivyo, usizifungue zote kwa pamoja. Fungua fungu moja, osha, lipinde, nenda lingine.

Huna bomba la juu? Wengi hatuna. Mtungi wa lita 20 unatosha kichwa kimoja ukitumia jagi. Inama, maji yashuke kutoka kichogoni kwenda mbele, na yasikusanyike kwenye beseni ulilotumbukiza kichwa, maana hapo utakuwa unaosha nywele kwa uchafu wake. Maji yawe vuguvugu. Shampuu iende kwenye ngozi ya kichwa, usugue kwa ncha za vidole bila kucha, halafu povu lenyewe likishuka litaosha urefu. Mara ya kwanza povu halitatokea vizuri kwa sababu ya mafuta na kondishona, suuza, rudia. Mara ya pili litatokea.

Safari hii moja tafuta shampuu ya kusafisha kwa kina hata kama kwa kawaida unatumia ya upole. Mabaki ya miezi minne hayaondoki kwa upole. Lakini usitumie sabuni ya mche, wala ya unga ya kufulia. Nywele hupenda kitu chenye uchachu kidogo. pH yake iko kama 4.5 hadi 5.5, na sabuni ya mche iko 9 au 10. Inayainua yale mabati ya paa na kuyaacha wazi, ndiyo maana nywele zilizooshwa kwa sabuni ya mche hukwaruza mkononi zikikauka.

Nitaje na maji yenyewe. Maji ya bomba ya Kisumu yanayotoka ziwani hayana ugumu wa kusumbua. Ukiwa na kisima cha kuchimbwa chenye maji magumu, utaona povu halitaki kuja na nywele zinabaki na utando. Suuza ya mwisho basi iwe ya maji ya mvua. Watu wa Kakamega hapa mmebarikiwa, mvua yenu ya alasiri hailazimishwi; tega ndoo. Asiye na mvua achanganye kijiko kikubwa kimoja cha siki katika nusu lita ya maji, amwagie mwishoni, asuuze. Harufu huisha nywele zikikauka.

Kulainisha, na habari ya yai

Baada ya shampuu nywele zina kiu. Paka ile kondishona nzuri, fungu kwa fungu, funika kichwa, ukae dakika 20 hadi 30. Zamani tulifunika kwa juala. Tangu juala zipigwe marufuku Agosti 2017 mimi hutumia mfuko wa mkate, unafika vizuri mpaka masikioni, ila usifungue mlango kwa mgeni. Juu yake funga taulo. Joto la mwili wako linatosha.

Kabla hujaamua kama nywele zinataka unyevu tu au zinataka na protini, zipime. Chukua unywele mmoja ukiwa umelowa, uvute taratibu. Ukitanuka kidogo ukarudi, ziko sawa. Ukikatika papo hapo bila kutanuka, umekauka, ongeza unyevu wiki baada ya wiki. Ukitanuka kama ubani wa kutafuna na usirudi, umelegea, hapo nunua dawa ya protini ya dukani, uitumie mara moja, na usiirudie kabla ya wiki nne au sita. Protini nyingi hugeuza nywele kuwa njiti.

Yai mbichi je? Kila wiki naulizwa. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Inakaa juu, inaufunika, inakupa ugumu wa siku mbili. Halafu ukisuuza kwa maji moto linaiva. Nimetoa vipande vya yai lililoiva kwenye kichwa cha mtu mzima aliyeajiriwa, nikajizuia kucheka hadi alipoondoka. Yai kaangia chapati. Parachichi halina ubaya likipondwa laini na kuchujwa, lakini lisipochujwa utakuwa unachambua kwa mara ya pili. Ogaka, yaani alovera, ute wake ni mzuri kwa kutelezesha na kutuliza ngozi inayowasha. Jaribu kwanza nyuma ya sikio, maana kuna wanaowashwa nao zaidi.

Suuza kondishona. Zikiwa bado zimelowa, paka kondishona ya kuacha kichwani, kisha mafuta kidogo juu yake ili unyevu usitoroke. Mafuta yakitangulia kwenye nywele kavu yanafungia ukavu ndani. Mafuta ya nazi yana sifa moja ambayo mengi hayana: yanapenya ndani ya unywele, na yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza protini inayopotea. Huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo chupa ileile iliyo maji Kisumu saa sita mchana utaikuta imekuwa jiwe asubuhi Nakuru. Haijaharibika. Mafuta ya shea yanayovuka Busia kutoka kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, nami nayapenda kwa ncha. Ya nyonyo ni mazito, yanafaa kufunga unyevu; wanaoyauza Kibuye Jumapili watakwambia yanaotesha nywele. Yananenepesha kwa macho kwa sababu yanashikamana. Nunua ukijua hivyo.

Kukausha na ncha

Kausha kwa tisheti kuukuu ya pamba, kwa kufinya. Taulo hukwaruza na kuvuta. Blodrai uiache wiki hiyo ya kwanza. Nywele zimetoka tu kwenye vita. Ukitaka zinyooke funga uzi, ule mweusi ambao bibi zetu walifungia nywele na sisi tukaona ni ushamba mpaka tulipoona wengine wanaurudia mitandaoni. Uzi unanyoosha bila moto. Funga jioni, fungua asubuhi, usikaze shinani.

Zikiwa kavu tazama ncha. Ncha iliyopasuka hakuna mafuta ya kuiunganisha, na ukiiacha mpasuko unapanda. Punguza sentimita moja au mbili kwa mkasi mkali wa nywele. Mkasi wa daftari za watoto unatafuna.

Panja na ngozi ya kichwa

Ukiwa na kioo na mwanga wa jua, angalia panja, pale mbele kwenye mpaka wa nywele na juu ya masikio. Kama nywele zimepungua, au zimekuwa fupi na nyembamba kuliko zilivyokuwa kabla ya kusuka, msuko ulivuta kupita kiasi. Tatizo hilo likikamatwa mapema, nywele hurudi: acha kuvuta, acha jeli na vibandiko vya gundi, usisuke mpaka huo kwa miezi kadhaa. Likizoeleka miaka, mashimo ya nywele huziba kwa kovu na hakuna mafuta yatakayoyafungua. Ngozi ya hapo huwa laini na inang'aa. Ukiiona hivyo usinunue dawa kwangu, mtafute daktari wa ngozi. Watu wa Kisumu wanaweza kuanzia kuuliza pale hospitali ya Jaramogi, ile wazee bado wanaiita Russia.

Mba wa kawaida, vipande vyeupe vinavyopukutika, huondoka kwa shampuu yake ukiitumia mara kwa mara na kuiacha kichwani dakika tano kabla ya kusuuza. Lakini kwa watoto, ukiona duara lisilo na nywele lenye magamba, hayo ni mashilingi. Yanaambukiza kwa chanuo, kofia na kilemba. Mafuta ya kupaka peke yake hayayamalizi, maana vijidudu vimeingia hadi kwenye shina. Mtoto atapewa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na machanuo yote ya nyumbani yaoshwe. Msusi akiyaona akaendelea kusuka, mhame. Vipele vyenye usaha navyo ni vya kliniki.

Mapumziko

Sasa nasema jambo linalonipunguzia mapato. Usisuke kesho. Usisuke wiki kesho. Nywele zilizobeba rasta miezi minne zipewe angalau wiki mbili, na mwezi ni bora, kama panja zimelegea. Wakati huo zipinde nyuzi mbili, twisti kubwa kubwa kama kumi, au matuta ya nywele zako mwenyewe bila kuongezwa kitu. Wasichana wa shule zinazotaka matuta hapo wameshapata jibu: yasukwe mepesi, na mtoto akisema yanauma amini.

Kila jioni nyunyiza maji yaliyochanganywa na kondishona kidogo, yashuke kwenye ncha. Kwenye joto la ziwa mara moja kwa siku mbili inatosha. Nakuru usiku ni wa baridi kavu, ncha hukauka upesi, huko uwe karibu zaidi na chupa yako. Lala na kofia ya satini au foronya ya satini, kwa sababu pamba inakunywa mafuta yako usiku kucha. Mpanda boda avae kitambaa cha satini chini ya helmeti, kitamsaidia na mengine ambayo sitayataja kuhusu helmeti za abiria. Osha kila baada ya siku saba hadi kumi, kwa mpango uleule: chambua, ndipo maji.

Siku ya kurudi kwa msusi

Nenda na nywele safi, kavu, zilizolainishwa siku mbili tatu kabla. Mwambie mapema: mafungu yasiwe madogo, uzito wa nywele za kuongeza usizidi uwezo wa shina, na kwenye mpaka wa mbele asiviguse vile vinyweleo vidogo vidogo. Kama usiku wa kwanza huwezi kulala au macho yamevutika, zile ambazo zimekaza zifumue palepale. Dawa ya kutuliza maumivu haifungui rasta.

Ukiwa bado umekaa kwenye kiti chake, toa simu, hesabu wiki nane kuanzia leo, weka kengele ya siku hiyo. Watoto, wiki nne. Chini yake andika neno moja, "mafuta", ili siku hiyo usiianze kwa maji.